Samaki wa Jembe

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Nyanza-Lac, Burundi, aliyevua kwa jembe. Alikulia ufukweni, kwenye nyavu za ndagala na mikeke, samaki wa Ziwa Tanganyika, lakini mwishoni mwa Aprili 1972, mauaji yalipoanza Rumonge na kwetu, alikimbia kwa mtumbwi usiku hadi upande wa Kigoma, Tanzania. Kutoka hapo alipelekwa Ulyankulu, kisha Mishamo, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1978 kwenye misitu ya Mpanda. Mimi nilizaliwa Mishamo. Ziwa nililijua kwa masimulizi tu.

Kila mwaka, miezi ya kiangazi, ile tunayoiita ici kwa Kirundi, baba na wenzake walipanda baiskeli hadi mbuga za upande wa Mto Ugalla. Masika mbuga hizo hujaa maji na matete. Ikifika Agosti ni udongo mweusi uliopasuka. Baba alitembea ameinama, akitafuta tundu lenye upana wa kidole. Akiliona, alilima pembeni polepole, akainua bonge zima la udongo na kulivunja. Ndani alikuwamo kambare mamba, yule ambaye watu wa Ziwa Viktoria humwita kamongo, amejikunja, mkia umefunika macho, mwili umefungwa katika ganda jembamba la kahawia kama la kitunguu. Nilikuwa na miaka minane nilipomgusa wa kwanza. Nikasema amekufa.

“Hapana, mama,” baba akanijibu. “Amepunguza tu.”

Sijapata neno linalolitaja jambo hili vizuri kuliko hilo. Katika nchi za theluji, dubu na wanyama wengine hulala miezi ya baridi kwa kuwa chakula hakuna, na mwili hupunguza moto wake ili akiba ya mafuta itoshe. Ziwa Tanganyika halina baridi ya namna hiyo. Hata kwenye kilindi chake cha mita 1,470 maji yana nyuzi kama 23, na juu ni joto zaidi kwa nyuzi chache tu. Mukeke hana sababu ya kulala. Kinachoua kwenye mbuga ni ukame, na mwili umeujibu ukame kama ulivyoijibu theluji. Kule Katavi, Mto Katuma ukikauka, mamba nao huingia mapangoni kwenye kingo zake na kungoja bila kula.

Kamongo ana mapafu. Maji yakipungua huchimba tope kwa mdomo, hujikunja humo, na ute wa ngozi yake hukauka ukawa ganda lenye upenyo mmoja mdomoni, wa kuvutia hewa. Hali kitu. Huishi kwa kuila misuli yake mwenyewe, kidogo kidogo.

Mwaka 1928 Mmarekani Homer Smith, mtaalamu wa figo, alifika Kisumu kumtafuta samaki huyu, na mwaka 1932 alichapisha kitabu alichokiita Kamongo. Alitaka kujua uchafu wa mwili huenda wapi. Samaki aliye majini huutoa kama amonia, na maji huichukua. Ndani ya ganda hakuna maji, na amonia ikibaki mwilini inaua. Kwa hiyo kamongo aliyelala huigeuza kuwa yurea, isiyo kali sana, akaiweka mwilini mwezi baada ya mwezi. Dubu naye hakojoi wakati wote wa usingizi wake, lakini yurea yake hurudishwa kuwa protini kwa msaada wa vijidudu vya tumboni. Kamongo hukaa nayo hadi mvua inaporudi. Maji yakimfikia, huvuta hewa, hujinyoosha, ndipo huanza kuitoa.

Kati ya 2008 na 2009 wakimbizi zaidi ya 53,000 wa 1972 walirudi Burundi kutoka Tanzania, na wengi walishukia Nyanza-Lac na Rumonge. Nasi tulikuwamo. Michikichi aliyoiacha baba ilikuwa mikononi mwa familia nyingine, iliyolea watoto wake kwa mawese yake zaidi ya miaka thelathini. Tuligawana shamba. Jembe la baba halikuwa tena na samaki wa kuchimba. Hapa samaki wanatoka ziwani, na vijana hawaamini ninapowaambia kuwa tulikula samaki wa kulima.

Baba hakuongea sana. Miaka 36 alikuwa amepunguza: maneno, hasira, kilio. Ndivyo alivyotulea, na siwezi kumlaumu. Lakini alichokiweka mwilini kilikuwa bado kimo.

Jioni alishuka ufukweni, mahali ninapoanika ndagala. Mwaka wa kwanza alikaa tu, miguu majini. Mwaka wa pili alianza kuwashonea wavuvi nyavu. Mwaka wa tatu, jioni moja ya ici, upepo wa kusini ukivuma, alianza kutaja majina: ndugu zake, wenzake wa mtumbwi, majirani waliobaki usiku ule. Niliacha ndagala nikachukua daftari la hesabu za biashara nikaandika. Tulirudia jioni nyingi.

Majina yalipokwisha, aliniomba nimchomee mukeke, mzima.