Nguvu ya Uhai na Tanuru la Wafipa

Wasikilizaji wetu wa Msangano, ninyi mkaao kati ya Wafipa na Wanyiha, yawapasa kujua jinsi majirani zenu walivyopata majembe kabla ya majembe ya ng'ambo.

Katika Ufipa tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma lilijengwa kwa udongo, likapita kimo cha mtu, hata kukaribia futi 10. Halikupulizwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, makaa yakawaka mchana na usiku. Lakini kwanza tanuru lilipambwa kama bibi arusi, na dawa zikawekwa ndani yake. Mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, kwa kuwa siku zile tanuru ndilo lililokuwa mke wao, na chuma mtoto wao. Basi mapambo yale hayakuwa ya kupendeza macho tu. Yalikuwa sehemu ya kazi, kama makaa yenyewe.

Padre Placide Tempels, Mbelgiji aliyekaa na Waluba wa Katanga, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1945 kwamba fikira ya nguvu ya uhai ndiyo msingi wa mawazo ya Wabantu. Alikusudia kutuheshimu. Walakini Padre Alexis Kagame wa Rwanda aliipima habari hiyo upya mwaka 1956 kwa kuchunguza maneno ya Kinyarwanda, wala hakukubali yote.

Nasi twaongeza hili: fikira hiyo ilikuwa ya Ulaya pia. Wataalamu wa huko walishika kwamba vitu vitokavyo katika viumbe havifanyiziki pasipo nguvu ya uhai. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler alifanyiza urea, kitu kipatikanacho katika mkojo, bila figo wala mnyama. Hata hivyo fikira haikufa. Louis Pasteur alifundisha kwamba sukari haigeuki pombe bila hamira iliyo hai. Mwaka 1897 Eduard Buchner akaisaga hamira, akakamua maji yake, akayatia sukari, nayo yakachacha. (Mpika pombe ya ulezi na alitafakari hilo mbele ya mtungi wake.) Tena mwaka 1907 Mfaransa Henri Bergson aliandika juu ya msukumo wa uhai, na wasanii wengi wakamsoma kwa furaha.

Twajua leo kwamba makaa huondoa oksijeni iliyofungamana na chuma katika mawe. Mafundi wa Ufipa hawakulijua jina hilo, bali chuma chao kilikuwa chuma kweli, na baadhi ya matanuru yao yangali yamesimama.