Nyuki wa porini: viota vyao na mavuno ya wakulima wa Kenya na Uganda

Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kusini mwa Kenya, si mbali na Ziwa Magadi, liko eneo la Nguruman. Mito midogo inayoteremka kutoka milimani hunywesha mashamba ya wakulima wadogo, na humo hustawi mabiringanya, mabamia na mboga nyingine, ambazo sehemu yake husafirishwa kuuzwa ng'ambo. Kandokando ya mashamba hayo pana pori la migunga na msitu uliofuata kingo za mito. Mpita njia huliona pori hilo kuwa ardhi ambayo bado haijapata mlimaji. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mavuno ya biringanya katika Nguruman yanategemea viumbe wanaolala, kuzaa na kupata sehemu ya chakula chao nje ya shamba: nyuki wa porini.

Ua la biringanya lina tabia ya pekee. Halitoi mbochi, yaani yale maji matamu yanayowavuta wadudu wengi, na chavua yake imefungwa ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo kwenye ncha. Ili chavua itoke, ua halina budi kutikiswa kwa nguvu. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Wanaouweza ni nyuki kama wale wakubwa weusi watoboao mbao, pamoja na jamii nyingine ya nyuki wadogo wachimbao ardhi. Nyuki hao hulikumbatia ua, hutuliza mabawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua mpaka chavua imwagike kama chumvi kutoka kwenye kichupa. Mtu aliyesimama karibu husikia mvumo mkali wa muda mfupi. Mvumo huo ndio mwanzo wa tunda lililo nono.

Kwa kuwa ua la biringanya halina mbochi, nyuki hao hulazimika kuutafuta kwenye maua mengine, hasa ya porini. Aidha, shamba linalolimwa kila msimu haliwapi mahali pa kudumu pa kujengea. Kwa hiyo, mkulima anayelifyeka pori lote ili apanue shamba huenda akaongeza miche, huku akipunguza matunda ya kila mche.

Familia yenye makazi mbalimbali

Tunapotaja nyuki, wengi wetu hufikiria mzinga uliotundikwa mtini na kundi linalolinda asali yake kwa ukali. Nyuki wa asali ni mwenyeji wa Afrika, na mchango wake kwa mkulima ni mkubwa. Hata hivyo, yeye ni mmoja tu kati ya aina zaidi ya 20,000 za nyuki zinazojulikana duniani. Katika Msitu wa Kakamega na mashamba yanayouzunguka, magharibi mwa Kenya, watafiti wamehesabu zaidi ya aina 200. Wengi wa nyuki hao hawana malkia, hawana askari, wala hawahifadhi asali ya kuvunwa. Kila jike huishi peke yake, hujenga kiota chake na kulea watoto wake kwa jasho lake mwenyewe.

Sehemu kubwa ya aina za nyuki duniani hujenga ardhini. Jike huchagua udongo usio na majani mengi, mahali penye jua na pasipotuama maji. Aghalabu ni kwenye ukingo wa njia, tuta la zamani au ukuta wa udongo. Huchimba njia nyembamba, na pembeni mwake hutengeneza vijumba. Kuta za kijumba huzipaka majimaji yanayotoka mwilini mwake, ambayo hukauka na kuzuia unyevu. Kisha huleta chavua safari baada ya safari, huichanganya na mbochi mpaka iwe donge, hutaga yai moja juu yake na kuufunga mlango. Buu linapoanguliwa hukuta chakula chote tayari. Mama kwa kawaida hafiki kumwona mwanawe akitoka.

Kiota cha namna hiyo ni siri inayovunjika kwa urahisi. Jembe likipita kwa kina mahali hapo kabla watoto hawajakomaa, kizazi kizima hupotea bila mtu kutambua, kwani hapakuwa na mzinga wala sega la kuonekana.

Wapo pia nyuki wakata majani. Hawa hutafuta tundu lililo tayari: bua lililo wazi, ufa wa mti au tundu lililoachwa na mdudu mwingine. Humega vipande vya jani vya mviringo, wakavikunja na kuvipanga kama mfuko, kisha wakatia humo chavua na yai. Mkulima anayeona majani ya waridi au ya mharagwe yamekatwa vipande vya duara huweza kudhani amevamiwa na wadudu waharibifu. Kumbe majani yale hayakuliwa. Yamekwenda kujenga nyumba. Nyuki hao ni miongoni mwa wachavushaji muhimu wa mbaazi, zao linalotegemewa sana katika maeneo makavu ya mashariki mwa Kenya, kwa sababu wana uzito na nguvu za kulifungua ua lililofumba.

Nyuki watoboao mbao hutumia meno kuchimba njia ndani ya mti mkavu, nguzo ya ua au boriti ya paa. Mbao hawaili, unga wake huutupa nje au huutumia kujengea kuta za vijumba. Watoto wakisha kuwa wakubwa hukaa na mama yao kwa muda kabla ya kutawanyika. Wana nguvu za ajabu za kuruka. Katika pwani ya Kenya, watafiti waliwafunga baadhi yao vyombo vidogo vya redio na kubaini kwamba wanaweza kutembelea maua yaliyo umbali wa hadi kilomita 6 kutoka kiotani. Nyuki hao huchavusha pia maua makubwa ya matunda ya pasheni, ambayo nyuki wa asali, kwa udogo wake, mara nyingi huchukua chavua bila kugusa sehemu ya kike ya ua.

Nyuki wasiouma na elimu ya wazee

Kati ya wale wanaoishi peke yao na nyuki wa asali wako nyuki wadogo wasiouma. Hawa huishi kwa makundi na wana malkia, lakini mwiba wao ni dhaifu kiasi kwamba hauwezi kudunga. Hujenga katika mashimo ya miti mikubwa, katika nyufa za kuta, na baadhi yao chini ya ardhi au ndani ya vichuguu. Nta yao huichanganya na utomvu wa miti, na kwenye mlango wa kiota aina nyingi hujenga bomba dogo linalolindwa usiku na mchana. Asali yao ni chache, nyepesi na yenye ukali kidogo, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki huthaminiwa kama dawa.

Watu waliokaa na misitu kwa vizazi vingi wanawafahamu vizuri. Batwa wa eneo la Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, huzitambua aina za nyuki hao kwa majina, na kwa kila aina hujua mahali inapopenda kujenga. Wataalamu wa sayansi waliofanya utafiti huko walijifunza mengi kutokana na maarifa hayo. Magharibi mwa Kenya, taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, yenye makao yake Nairobi, imefanya kazi na wakulima wanaoishi karibu na Msitu wa Kakamega ili nyuki wasiouma wafugwe katika visanduku. Faida yake ni mbili: asali hupatikana bila kuukata mti wenye kiota, na mashamba ya jirani hupata wachavushaji.

Mkono wa mtu badala ya nyuki

Thamani ya uchavushaji huonekana waziwazi pale usipokuwepo. Nchini Uganda, wakulima wa vanila hulazimika kufanya kazi ya nyuki kwa vidole vyao. Mmea huo asili yake ni Mexico na nchi za jirani zake, nao uliletwa Afrika bila wadudu wanaouchavusha kwao. Ua la vanila hukaa wazi kwa siku moja tu. Basi asubuhi kwa asubuhi mkulima hupita kila mche akiwa na kijiti, akilifungua ua na kuikutanisha chavua na sehemu ya kike. Ua aliloliruka halitoi tunda. Je, mkulima wa maharagwe, maboga, mbaazi au matikiti angewezaje kufanya hivyo shamba zima?

Kahawa nayo ina somo lake. Robusta, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda, haiwezi kujirutubisha kwa chavua ya mche wake yenyewe. Huhitaji chavua ya mche mwingine, iletwe na upepo au na wadudu. Arabika, inayolimwa katika miteremko ya Mlima Elgon pande zote mbili za mpaka, huweza kujirutubisha, lakini nayo hufaidika nyuki wanapoitembelea.

Kakamega, watafiti walikadiria faida wanayoipata wakulima wadogo kutokana na uchavushaji wa nyuki kuwa karibu asilimia 40 ya thamani ya mazao waliyoyachunguza kwa mwaka 2005. Faida hiyo haikulipiwa hata senti moja. Kwa kiwango cha dunia, mazao 87 kati ya 115 yaliyo makuu kwa chakula cha binadamu hutegemea kwa kiasi fulani wanyama wachavushaji. Utafiti mwingine mkubwa, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha mifumo 41 ya mazao katika mabara mbalimbali, ulionyesha kwamba wadudu wa porini huongeza utungaji wa matunda hata pale nyuki wa asali walipo wengi. Mizinga peke yake, basi, haiwezi kuziba pengo la nyuki wa porini waliotoweka.

Hatari zilizopo na yanayowezekana

Nyuki huhitaji vitu viwili kwa pamoja: mahali pa kujenga, na maua ya kutosha mwaka mzima yasiyo mbali na mahali hapo. Aina ndogo haziruki zaidi ya mita mia chache. Shamba likipanuka mpaka pori likawa mbali, hao ndio wa kwanza kutoweka. Miti mizee yenye mashimo hukatwa kwa ajili ya mkaa na mbao, na pamoja nayo huondoka makundi ya nyuki wasiouma. Kuchoma nyasi na mabua huteketeza viota vya wakata majani. Dawa za kuua wadudu zinazonyunyizwa asubuhi, maua yakiwa wazi, huwakuta nyuki kazini.

Yanayomwezekania mkulima mdogo hayahitaji mtaji mkubwa. Anaweza kuacha ukanda wa ardhi usiolimwa mpakani mwa shamba, na kuuacha ukingo wenye matundu madogo bila kuusawazisha. Gogo kavu na nguzo ya zamani pembeni mwa shamba ni nyumba ya nyuki watoboao mbao. Mabua matupu yaliyofungwa kitita na kutundikwa mahali pakavu hupangwa na wakata majani. Ua la miti mchanganyiko inayochanua kwa zamu huwapa chakula msimu wa mazao unapokwisha. Na ikiwa hapana budi kunyunyiza dawa, jioni ni afadhali, nyuki wanapokuwa wamekwisha kurejea viotani.

Tarehe 20 Mei kila mwaka, tangu 2018, Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Nyuki Duniani. Tarehe hiyo huangukia majira ambayo, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mimea iliyopandwa kwa mvua za masika imo shambani. Mkulima atakayesimama kimya kwa dakika chache mbele ya maua ya maharagwe au ya boga atawaona wageni wake: wakubwa na wadogo, weusi, wenye milia na wenye kung'aa. Kila mmoja ametoka kwenye kiota fulani kilicho karibu, na kukijua kiota hicho kilipo ndiyo hatua ya kwanza ya kutokivunja.