Amonia: toka mabasi ya Ubelgiji hadi Inga

LUSHEBERE, Masisi – Mwaka wa 1943 vita ilileta ukosefu wa mazutu Ubelgiji, nchi iliyokuwa imetawala Kongo tangu 1908. Mabasi kadhaa kule yakatembea kwa amonia iliyochanganywa na gesi ya makaa ya mawe. Amonia haina kaboni, ila ni sumu: ikivuja inaweza kuua. Mazutu yaliporudi, ikaachwa.

Machi 2024, huko Singapore, meli ya kampuni ya Australia, Fortescue, iliwasha injini kwa amonia na mazutu. Kampuni hiyo hiyo iliwahi kuitaka Inga, ili nguvu ya mto Kongo itengeneze haidrojeni ya kuuza ng'ambo.

Inga ya kwanza ilizinduliwa 1972. Waya wake mkubwa ulivutwa mpaka migodi ya Katanga. Lushebere, wenyeji na waliokimbia vita wanapika kwa kuni na makala.