Ndugu Wawili, Serikali Mbili: Tunduma na Nakonde

Mnyamwanga anayetafuta shamba katika kijiji cha Wilaya ya Momba, Tanzania, hupeleka ombi lake kwa halmashauri ya kijiji. Ndugu yake aliye ng'ambo ya mpaka, vijijini Nakonde, Zambia, huenda kwa mkuu wa kijiji na chifu. Lugha yao ni moja. Kilichowatenga ni mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890: Waingereza waliing'ang'ania Barabara ya Stevenson, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, nao mpaka ukachorwa kaskazini yake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika pande zote mbili, na mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliweka Tanganyika utawala wa kupitia machifu. Njia ziliachana wakati wa uhuru. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963. Zambia, iliyojitawala mwaka uliofuata, iliwabakiza na kuwapa Baraza lao. Hadi leo ardhi ya kimila huko haigeuzwi kuwa ya hati bila ridhaa ya chifu. Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate kwanza idhini ya mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kugawa ardhi. Naona huo ndio urithi wetu mkubwa: neno la mwisho la shamba liko kwa wanakijiji waliokaa pamoja.

Lakini tuliyumba pia. Mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972 uliziondoa halmashauri za wilaya, na maofisa wa serikali kuu wakashika kazi zake. Zilirudishwa kwa sheria za 1982, zikaanza tena 1984. Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe kutoka Ileje, nayo ilikaa bila madiwani tangu 2005 hadi 2014.

Mkoa wa Songwe, zilimo Momba na Tunduma, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao yake Vwawa, ni mkono wa serikali kuu. Mkuu wa mkoa, wakuu wa wilaya na wakurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais. Muchinga, jimbo la Nakonde lililoundwa 2011, nalo lina waziri aliyeteuliwa.

Tofauti iko kwenye kura. Mkazi wa Tunduma humchagua mwenyekiti wa mtaa wake, lakini mwenyekiti wa halmashauri ya mji huchaguliwa na madiwani. Nakonde, tangu 2016, kiongozi wa halmashauri huchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Watunga sheria wetu watupe nasi kura hiyo, na uchaguzi wa mitaa na vitongoji usiguswe.