Besi: sauti, gitaa na swali la kujua muziki

besi nomino [i-/zi-]
1. Sauti ya chini kabisa miongoni mwa sauti nne za kwaya: soprano, alto, tena na besi.
2. Mwimbaji wa sauti hiyo.
3. Gitaa la umeme, kwa kawaida la nyuzi nne, litoalo sauti za chini; pia gitaa la besi [li-/ya-].
4. Uzito wa sauti itokayo katika redio au spika.

Tahajia bezi pia huonekana magazetini. Besi ya kemia, yaani kinyume cha asidi, ni neno jingine lenye umbo sawa.

Makala haya yanaeleza matumizi ya neno hili katika maana ya kwanza hadi ya tatu, pamoja na msamiati wa upigaji na urekebishaji wa gitaa la besi. Mwisho yanajadili kauli moja ambayo wafasiri na walimu huitumia bila kuipima: "hajui muziki". Mifano ya sentensi imewekwa katika mazingira ya Isongole, kata ya Wilaya ya Rungwe iliyo kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Tukuyu, si Isongole ya Ileje katika Mkoa wa Songwe. Rungwe inafaa kwa mifano hii kwa sababu mbili. Ni nchi ya kwaya tangu wamisionari wa Moravian walipofika huko mwaka 1891, na ni nchi ya mvua nyingi, jambo ambalo kila mwenye ala ya mbao hulazimika kulijua.

Upatanisho wa kisarufi

Maana huamua upatanisho. Besi akiwa mtu, huchukua upatanisho wa viumbe. Besi ikiwa ala au sauti, hubaki katika ngeli ya i-/zi-. Linganisha:

"Besi wawili hawakufika mazoezini kwa sababu ya mvua." (waimbaji)
"Besi mbili hazikufika mazoezini kwa sababu ya mvua." (magitaa)
"Besi imefunikwa na tena katika ubeti wa pili." (sauti)

Pale ambapo muktadha hautoshi kutofautisha, ni heri kuandika kwa ukamilifu: mwimbaji wa besi, mpiga besi, gitaa la besi. Neno mpiga besi ndilo lililozoeleka kwa mwanamuziki wa bendi, sawa na mpiga solo na mpiga rithimu. Mgawanyo huu wa magitaa, yaani solo, rithimu na besi, ulijengeka katika bendi za muziki wa dansi. Miongoni mwa bendi hizo ni NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964, ambayo baada ya kubadili majina ndiyo Msondo Ngoma, na DDC Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 na kujulikana kwa mtindo wake wa Sikinde. Msondo ni jina la ngoma ndefu, na Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi za magitaa ya umeme zilijiita kwa majina ya ngoma, na msikilizaji makini husikia kwamba gitaa la besi ndilo lililo karibu zaidi na ngoma katika kazi yake: hushikilia mapigo, huku likitaja pia sauti ambayo wimbo umesimama juu yake.

Vitenzi vya upigaji

Kupiga ndicho kitenzi cha jumla na hakina kasoro. Kucharaza hudokeza wepesi na wingi wa sauti. Humfaa mpiga solo, lakini kikitumiwa kwa mpiga besi humsifia jambo asilolitafuta. Kuungurumisha besi ni sifa ya uzito wa sauti, si ya ufundi wa vidole. Kwa maelezo ya ufundi wenyewe, vitenzi vifuatavyo vinajitosheleza:

kudonoa: kuuvuta uzi kwa ncha ya kidole na kuuachia. Kwa kawaida kidole cha shahada na cha kati hupokezana, huku gumba likiegemea mwilini mwa gitaa au kwenye uzi wa juu. Wapo wanaotumia kipande cha plastiki badala ya vidole, nacho wengi hukiita piki.

kubana: kuukandamiza uzi shingoni kwa kidole cha mkono mwingine. Kitenzi kubonyeza huwafaa wapiga kinanda. Mahali pa kubana ni karibu na freti, yaani kile kijiti cha chuma kinachokatiza shingo, upande wa kichwa cha gitaa. Kidole kikikaa juu ya freti yenyewe, sauti hufifia. Kikikaa mbali nayo, uzi hukwaruza.

kuzima: kuikatisha sauti kwa kulegeza kidole kilichobana au kwa kuugusa uzi kidogo. Kitenzi hiki hupuuzwa sana katika tafsiri, ilhali nusu ya kazi ya mpiga besi imo humo. Katika muziki wa dansi, besi haijazi kila pigo. Husema, hunyamaza, kisha husema tena, na wachezaji hucheza pia kwa zile nafasi za kimya. Hivyo "alizima kabla ya pigo la nne" ni maelezo ya ufundi, wala hayana maana kwamba alizima chombo.

uzi wazi: uzi unaopigwa bila kubanwa. Nyuzi nne za besi, kuanzia ule mnene, ni E, A, D na G. Uzi wa E hutetema takribani mara 41 kwa sekunde, na ule wa G takribani mara 98. Zote ni oktava moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida.

Kulinganisha na kurekebisha

Mambo haya mawili hayatenganishwi vya kutosha katika maandishi mengi. Kulinganisha nyuzi, au kutuni kama wasemavyo wanamuziki, ni kukaza au kulegeza kila uzi hadi utoe sauti iliyokusudiwa. Kurekebisha gitaa ni kuiweka ala yenyewe sawa ili ulinganifu huo udumu shingoni kote. Kutengeneza hutumika pale kitu kilipoharibika. Anayesema "gitaa langu linahitaji kutengenezwa" huku likihitaji kurekebishwa tu huenda akatozwa gharama ambayo hakuistahili.

Rungwe hutoa sababu iliyo wazi ya tofauti hii. Tukuyu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mbao hunyonya unyevu na kuvimba, na shingo ya besi, ambayo daima inavutwa na nyuzi nne nene, huweza kupinda mbele. Hapo nyuzi huinuka, kubana huwa kazi ngumu, na kila sauti inayobanwa huwa juu kidogo ya inavyopaswa. Mpigaji hulaumiwa kwa kukosa sikio ilhali kosa liko shingoni.

Urekebishaji hufuata utaratibu huu. Kwanza, nyuzi hulinganishwa. Pili, shingo hutazamwa: uzi mnene hubanwa kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha hukaguliwa nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti za katikati. Nafasi ndogo, mithili ya unene wa kadi nyembamba, ni ya kawaida. Ikizidi, hukazwa kile chuma kilichozikwa ndani ya shingo, robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha nyuzi hulinganishwa upya. Tatu, kimo cha nyuzi hupunguzwa au kuongezwa kwenye daraja. Nne, hukaguliwa urefu wa uzi. Freti ya 12 huugawa uzi katikati, hivyo uzi ukibanwa hapo sharti utoe oktava kamili. Sauti iliyobanwa ikiwa juu kuliko ile inayotoka uzi unapoguswa tu juu ya freti hiyo, uzi ni mfupi mno, na kikalio chake darajani husogezwa nyuma. Ikiwa chini, husogezwa mbele.

Kwa hiyo huandikwa:

"Baada ya masika, mpiga besi alirekebisha shingo kwanza, ndipo akalinganisha nyuzi."

Sentensi "alituni shingo" haina maana, ingawa husikika.

Nota, solfa na kodi

Nota ni alama ya sauti ya muziki. Noti ni fedha ya karatasi. Hata hivyo, neno nota lina utata mwingine. Katika kwaya nyingi za Afrika Mashariki, "kusoma nota" humaanisha kusoma solfa, yaani herufi d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huo ulienezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, ukafika Afrika kupitia misheni na shule. Mfasiri anayekutana na "anajua nota" hana budi kuuliza: za solfa au za mistari mitano?

Solfa ya kwaya ni do inayohama. Kitabu kikiandika kwamba do ni G, basi nyuzi wazi za besi ni l, r, s, d. Do ikiwa C, nyuzi zilezile ni m, l, r, s. Katika desturi ya Kifaransa, iliyorithiwa na wanamuziki wengi wa Kongo, do haihami: mi ni E siku zote. Mwimbaji wa Rungwe na mpiga gitaa wa Bukavu wanaweza kutamka "mi" wakikusudia mambo mawili tofauti, na mfasiri asiyejua hilo atawagombanisha.

Kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, hufanana kwa umbo na kodi ya serikali. Kwa kuwa sentensi kama "kodi imebadilika" huweza kupotosha, inashauriwa kuandika kodi ya muziki inapotajwa mara ya kwanza.

"Hajui muziki"

Kauli hii hutolewa mara nyingi juu ya mpigaji asiyesoma nota za mistari mitano. Huandikwa katika ripoti za walimu, na wafasiri huitumia wanapokutana na maelezo ya mtu anayepiga bila kusoma. Kamusi haiwezi kuinyamazia, kwa sababu kauli hiyo huhukumu kuliko inavyoeleza.

Tuchukue mwimbaji wa besi katika kwaya ya Isongole, aliyeimba solfa tangu utotoni, kisha akakabidhiwa gitaa la besi. Wimbo una do ya G. Anajua kwamba besi ya kwaya hutua kwenye d, f na s mahali pa kuanzia, pa kuondoka na pa kurejea. Anaitafuta d kwenye freti ya 3 ya uzi wa E, f kwenye freti ya 3 ya uzi wa A, na s kwenye freti ya 5 ya uzi huohuo. Waimbaji wakilalamika kwamba wimbo uko chini, mwalimu wa kwaya anapandisha do hadi A. Mpigaji anasogeza mkono wote freti mbili: 5, 5 na 7. Umbo la vidole halibadiliki. Hajasoma mstari hata mmoja, lakini amehamisha wimbo kutoka do moja kwenda nyingine bila kuvuruga uhusiano wa sauti zake. Huo ndio msingi wa somo ambalo vitabu huliita nadharia ya muziki, na yeye ameshautia mkononi.

Ni kweli pia kwamba kuna asichoweza. Hawezi kupokea karatasi ya nota za mistari kutoka kwa mgeni na kuipiga papo hapo, wala hawezi kumwachia mwingine kwa maandishi hayo kipande alichokibuni. Upungufu huo ni halisi, na kuuficha hakumsaidii. Anayeukana kwa kusema kwamba nadharia huua hisia za muziki naye anakosea, kwa kuwa yeye mwenyewe huitumia kila anaposogeza mkono. Kinachotakiwa ni kuutaja upungufu kwa jina lake. Kwa hiyo inapendekezwa:

hasomi nota za mistari: hajui maandishi hayo. Kauli hii haisemi lolote juu ya uwezo wake mwingine.

hupiga kwa sikio: hupata sauti kwa kusikiliza. Hueleza njia ya kujifunza, wala si tusi.

anajua solfa: anajua uhusiano wa sauti ndani ya do inayohama. Huu ni ujuzi wa nadharia na uandikwe hivyo.

hajasomea muziki: hakupata mafunzo rasmi.

hajui muziki: itumike kwa yule tu ambaye hawezi kuutambua wala kuutenda.

Mwalimu anayejaza ripoti ya mpiga besi wa kwaya anaweza kuandika: "Anajua solfa, hupiga kwa sikio, hasomi nota za mistari." Maneno tisa yanatosha. Atakayeisoma ripoti hiyo chuoni au studioni atajua mtu huyu afundishwe nini, na atajua pia ni nini hana haja ya kufundishwa tena.