Mambo Matano ya Mwambao

Katika Jedwali la Kwanza la Katiba ya Kenya, pale zilipopangwa kaunti 47 za jamhuri kwa nambari, jina linalotangulia yote ni Mombasa, na msomaji asiye na habari ya tarikhi huenda akadhani ya kwamba kisiwa hiki kimekuwa Kenya tangu Kenya kuitwa Kenya. Sivyo. Mpaka usiku wa kuamkia tarehe 12 Disemba 1963, ardhi yote ya pwani kutoka Vanga hadi Kipini, upana wa maili kumi kwenda bara, pamoja na visiwa vya Lamu, ilihesabiwa kisheria kuwa milki ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu, isiyo na nakshi wala maandishi, ilikuwa ikipepea juu ya kuta za Ngomeni, japokuwa kila mkaazi wa Mji wa Kale alijua vyema ya kuwa amri ilikuwa ikitoka kwa Mwingereza.

Asili ya hali hiyo ni mkataba wa tarehe 14 Disemba 1895, ambao kwao Sayyid Hamed bin Thuwaini alimwachia Mwingereza autawale mwambao kwa niaba yake kwa malipo ya pauni 11,000 kila mwaka. Bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, mwambao ulibaki himaya, hata msafiri aliyepanda gari la moshi Mombasa alikuwa akivuka, pasi na kuhisi, kutoka dola moja kwenda nyingine, ilhali gavana ni yule yule mmoja. Liwali akaendelea kuketi barazani, mudiri akaendelea na kazi yake, na kadhi akaendelea kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu. Na ni katika zama hizo alipotokea Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefika daraja ya Kadhi Mkuu wa Kenya na ambaye kalamu yake katika gazeti la al-Islah haikuwapa raha wale walioridhika kulala.

Uhuru ulipokaribia, swali lililokuwa likizungumzwa mabarazani kwa sauti ya chini lilibidi liulizwe hadharani: huu mwambao ni wa nani? Waliokuwa wakidai mwambao ujitenge, au angalau uwe na madaraka yake wenyewe, walishika mkataba wa 1895 kama mtu ashikavyo hati ya shamba. Lakini wapwani hawakuwa na kauli moja, kwani Wamijikenda wengi, na wafanyakazi wa bandari waliotoka bara, hawakuona faida ya kubaki chini ya kivuli cha Sultani, na Ronald Ngala, mwana wa pwani mwenyewe, alikuwa akipigania majimbo ndani ya Kenya, si nje yake. Mwezi wa Oktoba 1961 akaletwa Sir James Robertson, aliyepata kuwa gavana mkuu wa Nigeria, asikilize hoja za pande zote, na rai aliyoitoa ni kwamba mwambao uunganishwe na Kenya. Mimi sidhani ya kuwa angeweza kutoa rai nyingine, maana bandari ya Kilindini ilikuwa ndiyo koo ya Kenya na Uganda pia, na hapana serikali ya Nairobi ambayo ingekubali koo yake ishikwe na mkono wa mwingine.

Tarehe 5 Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Unguja, Muhammad Shamte, wakaandikiana barua, na siku tatu baadaye mapatano yakatiwa sahihi London. Katika barua hizo mlikuwa na mambo matano: uhuru wa dini na kuhifadhiwa kwa majengo na taasisi za ibada, kudumu kwa Kadhi Mkuu na makadhi wengine katika hukumu za ndoa, talaka na mirathi, watawala wa sehemu zenye Waislamu wengi kuwa Waislamu, kwa kadiri itakavyowezekana, watoto wa Kiislamu kusomeshwa Kiarabu, kwa kadiri hiyo hiyo, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa kutambuliwa daima. Miezi minne haijatimia, mapinduzi ya Januari 1964 yakamwondoa Sultani Jamshid Unguja, na mmoja wa walioahidiwa akawa hayupo tena kuidai ahadi yake.

Hapa ndipo ilipodhihiri kazi ya katiba. Barua ya mawaziri, hata ikiandikwa kwa taadhima ya namna gani, huishi kwa hisani ya wale walioiandika; ama katiba ni sheria iliyo juu ya sheria zote, ambayo hugawanya madaraka baina ya bunge, serikali na mahakama, hutaja haki ambazo mtawala hawezi kuzigusa kwa kupenda kwake, huweka mipaka ya nchi, na, fauka ya hayo, hueleza yenyewe ni kwa taabu gani itakubali kubadilishwa. Uhuru wa dini na kulindwa kwa mali viliingia katibani, na makadhi nao wakaingia. Mambo ya Kiarabu na ya watawala wa Kiislamu hayamo katika katiba iliyokusanywa upya mwaka 1969, na mpwani wa leo akiyataja huyataja kama mtu atajaye deni la marehemu. Tena hata kuingia katibani si dawa ikiwa kufuli ni dhaifu: majimbo ya Ngala yaliandikwa katika katiba ya uhuru kwa marefu na mapana, na haikupita miaka mitatu yakawa yamefutwa, Baraza la Seneti likafuata nyuma, kwa sababu mabadiliko yalipitishwa na bunge bila ya raia kuulizwa.

Umuhimu wa kadhi haufahamiki mpaka mtu aitazame kazi yake kwa karibu. Tuchukue nyumba ya mawe ya Kibokoni, ambayo mwenyewe amefariki akaacha mke, wana wawili na mabinti watatu, na deni lake limekwisha kulipwa. Mjane hupata thumni. Zile sehemu saba zilizobaki hugawanywa kwa watoto, mwana akipata mara mbili ya binti. Basi nyumba huwa mafungu manane, moja la mama, moja moja la kila binti, na mawili mawili ya kila mwana, wala halibaki jiwe lisilo na mwenyewe. Hesabu ni nyepesi, illa nyumba haikatiki kama halua, na hapo ndipo kadhi afanyapo kazi ngumu ya kuwapatanisha ndugu, nani anunue fungu la nani, na mama akae wapi.

Kwa miaka mingi hapana aliyejali sana, hata ulipofika wakati wa kuandika katiba mpya. Makanisa kadhaa yalikwenda mahakamani mwaka 2004 yakidai ya kuwa kuwaweka makadhi katibani ni kuipendelea dini moja, na katika kura ya maamuzi ya Novemba 2005 rasimu ilikataliwa, mahakama za makadhi zikiwa miongoni mwa yaliyozozaniwa. Tarehe 24 Mei 2010 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakawapa haki walalamishi. Lakini tarehe 4 Agosti wananchi walipiga kura, yapata thuluthi mbili wakakubali, na katiba mpya, yenye sura 18 na vifungu 264, ikatangazwa rasmi tarehe 27 ya mwezi huo. Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 170 kinawaweka Kadhi Mkuu na makadhi wasiopungua watatu, na kwa hesabu yangu havipingani, maana kadhi hamhukumu ila Mwislamu, tena, kwa sharti lililoongezwa 2010, Mwislamu ambaye amekubali kuhukumiwa naye. Kifungu cha 255 nacho kimetia kufuli ambayo ile ya 1963 haikuwa nayo: kubadili mipaka ya nchi, sheria ya haki au uhuru wa mahakama kwahitaji kura ya raia wote. Kifungu cha 7, kwa faida ya wanaoipenda lugha yetu, kimekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi.

Lakini mirathi haijaisha kuzozaniwa. Kifungu cha 24 kimeruhusu usawa wa raia upunguzwe kwa ajili ya sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi, ila kwa kiasi kile tu kisichoepukika; na mwezi wa Juni 2025, katika shauri lililopitia mahakama za Mombasa, Mahakama ya Juu ilihukumu ya kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe urithi wa baba yao Mwislamu. Baadhi ya wanazuoni wamelalamika kuwa majaji wameingia pasipo pao. Mawakili wa upande wa pili wanasema kiasi kisichoepukika hakiwezi kupimwa na mwingine isipokuwa jaji.