Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Ng'ombe walikuwa mali yetu hapa Nyamongo kabla dhahabu haijavuta wageni, na mama zetu waliyajua maziwa mema kwa kuyaacha yagande kibuyuni. Katika kutimiza miaka 10 ya umoja wetu, yafaa wanachama wajue kwamba upimaji wa dawa katika maziwa nao ulianzia katika jambo hilo la kuganda.

Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London. Katika miaka ya 1940 waganga wa mifugo walianza kuitumia kutibu ugonjwa wa kiwele, na ng'ombe wengi wakapona. Lakini haukupita muda mrefu watengenezaji wa jibini ng'ambo wakalalamika kwamba maziwa yalikataa kuchacha. Dawa iliyoua vijidudu vya ugonjwa iliua pia vile vya kuchachusha.

Wataalamu waliigeuza hasara ile kuwa kipimo. Vijidudu visivyodhuru, vipendavyo joto, hutiwa maziwa kidogo na rangi ya zambarau, kisha huwekwa katika joto la nyuzi 64 kwa saa zipatazo 3. Vikikua hutoa uchachu, na rangi hugeuka njano. Zambarau ikibaki, dawa imo. Tume ya Codex, iliyoundwa na FAO na WHO mwaka 1963, imeweka kipimo cha penisilini kisichozidi mikrogramu 4 katika kilo ya maziwa.

Wako wasemao kwamba kuchemsha kunatosha. Sivyo. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi dawa yote. Mtu asiyepatana na penisilini aweza kudhurika. Na vijidudu vikiizoea dawa, itashindwa siku tutakapoihitaji kwa watoto wetu. Tena, kopo la mwanachama mmoja likimiminwa katika tangi, laweza kuharibu maziwa ya wote.

Kweli, kumwaga maziwa ni uchungu kwa mwenye ng'ombe wawili tu. Hata hivyo hatuna budi kumtia alama ng'ombe aliyetibiwa, kumkamua mbali, kungoja siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, na kumwarifu karani wa mapokezi. Karani naye ampokee kwa heshima mkulima asemaye kweli, maana bila kweli hiyo kipimo huja kutuonya wakati tangi limekwisha kuharibika.